Chumvi ya Samaki wa Saloni

Uliona. Usinikodolee macho kama mtu aliyeamshwa usingizini. Ulipita njia ile, ukawakuta mbuzi wamebanana nyuma ya nyumba ya Octave, wanaramba ukuta na udongo wake, ukasema moyoni mbuzi ni mbuzi, ukaendelea na safari. Mama Georgette naye alipita pale. Yeye alisimama.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nne, mvua hazijaisha, na vita vimeshika bonde lote la Ruzizi. Generose, mdogo wake Georgette, alikuwa amekimbia Luberizi na watoto wake, mpunga umebaki shambani na ng'ombe wamebaki kwa wenye bunduki. Walikuwa wakilala jikoni kwa dada yake, Kalundu, wakingoja kupanda milimani. Na milimani hakuna soko. Anayefika ni aliyebeba chakula kisichooza.

Ziwa halikuwanyima. Mikebuka walijaa nyavuni hata wavuvi wakachoka kuwatoa. Lakini jua la kukausha samaki halikuwepo, na moto wa kuwakausha ulikuwa umekatazwa na woga: wiki ile wanawake wa Kalundu waliwasha kuni, ndege ikafuata moshi wao, ikamwaga risasi juu ya vichanja. Ilibaki chumvi tu.

Na chumvi ilikuwepo! Wanawake wa mwambao waliilipia kwa samaki wao, ikaja na meli ya mwisho kutoka Kigoma. Kila mama alifunga mdomo wa gunia lake kwa kipande alichokata kwenye kitenge chake mwenyewe, ndiyo desturi yao, ili pasiwe na ugomvi wakati wa kuchukua. Magunia yakapelekwa kwa Octave, mkubwa mpya wa depo ya bandarini. “Kwa usalama,” alisema. “Wakati ukifika, nitagawa.” Wakati ulifika. Kila asubuhi Georgette alikwenda kubisha, na kila asubuhi aliambiwa angoje.

Lazima nikueleze nyumba yenyewe, maana najua umeisahau kwa makusudi. Kabla ya uhuru alikaa humo mzungu tuliyemwita Bwana Kioo. Saloni yake, yaani sebule, ilijaa sanduku la kioo, refu kuliko kitanda, na ndani yake samaki wa baharini, wa rangi ya mawese, mgongo wa zambarau, wanaogelea kundi moja. Samaki wale hawakutaka maji ya ziwa letu. Basi maji ya bahari yalipakiwa kwenye mapipa huko pwani ya Tanganyika ya Waingereza, yakaja kwa treni mpaka Kigoma, yakavuka kwa meli, yakapandishwa nyumbani kwa migongo ya watu. Maji! Kuleta maji Uvira, mji ambao ziwa linalala mlangoni!

Antoine, mume wa Georgette, alibeba mapipa hayo. Siku moja pipa lilimponyoka likamwagika mchangani. Alilazwa palepale akachapwa fimbo mbele ya mke wake, kwa sababu ya maji. Alikufa na alama zile mgongoni.

Mwaka wa sitini Bwana Kioo alikimbilia Usumbura. Octave, aliyepiga kelele za uhuru kutushinda sote, akahamia. Alichukua kiti, akachukua kiko, akachukua na samaki.

Sasa rudi kwa mbuzi. Georgette aliwasukuma, akainama chini ya bomba la maji machafu. Nyasi zilikuwa zimeungua, ukuta una ukungu mweupe. Akagusa, akatia kidole ulimini. Akabaki ameinama hivyo, kidole mdomoni.

Aliingia kwa mlango wa jikoni. Octave alikuwa saloni, shati limekunjwa, anakoroga lile sanduku la kioo kwa kafi ya mtumbwi. Miguuni pake magunia matupu. Samaki waligeuka wote pamoja, kama wanafunzi wa masista wakisikia kengele. Wengine walikuwa wameshaelea tumbo juu.

“Siku hizi batu hawapigi hodi?”

“Octave, chumvi yetu iko wapi?”

“Ah, Mama Georgette, weye iko na bahati. Kuja hapa. Meli haiko, maji ya bahari haifiki tena. Minye nafanya bahari mwenyewe!” Akacheka. “Onja. Weye ndiyo fundi ya chumvi. Iko sawa?”

Hakuona haya. Alijivuna, unanisikia? Georgette akaonja.

“Iko sawa,” alisema. “Iko sawa kwa mikebuka ya safari ya mbali.”

“Unaona!”

“Na ile uliyotupa inje?”

“Maji ikinuka natupa, naweka ingine. Hawa wanataka matunzo, mama. Si kama ndagala yenu.”

“Watoto ya mdogo wangu watakula nini kule mu milima?”

Octave akaegemea kafi kama mhubiri. “Fikiria kidogo. Hii vita itaisha. Wakubwa watakuja kukaa mu hii saloni, ba serikali ao ba waasi, minye sijui. Wataona bahari. Watajua hapa iko mutu.”

“Mutu! Antoine alikuwa mutu. Alipigwa fimbo juu ya hii maji.”

“Ile ilikuwa ukoloni.”

“Na hii ni nini?”

“Firmin!” Octave aliita. “Firmin! Utoshe huyu mama inje!”

Firmin, mlinzi wake, aliingia na bunduki. Akamtazama Georgette, kisha akatazama magunia. Akainama, akaokota kipande cha kitenge, chekundu chenye maua meusi.

“Patroni, hii ni ya mama yangu.”

“Hata!”

“Jana alikuja hapa. Ukaniambia minye nimufukuze.” Akaweka bunduki juu ya kiti cha Bwana Kioo, akageukia ukuta. “Minye sioni kitu.”

Georgette akachota maji kwa sufuria ya jikoni, akatoka barazani akapaza sauti: “Mulete mabeseni! Chumvi yetu iko hapa, imekuwa maji!”

Barabara ilikuwa na wanawake. Wengi waliinamisha vichwa wakakaza mwendo. Alikuja Honorine peke yake, jirani yake, na beseni moja kichwani. Wakachota wawili. Octave alikumbatia kioo akilia, “Samaki watakufa!”

“Wafe,” alisema Georgette. “Hii mwezi wamekula kutupita.”

Waliteremka Kalundu na mzigo wa kwanza, wakalaza mikebuka katika maji yale, wakapanda mbio kufuata wa pili. Walikuta Octave amefungua lile bomba la maji machafu. Aliona heri maji yamwagike kuliko yawe yetu. Sanduku tupu, samaki wake wa rangi wamelala kwenye mchanga wa chini yake wakifungua midomo, na nje mbuzi wanasukumana wakiramba. Wanawake kumi tu, safari moja, na maji ya kutosha mikebuka wetu yangefika Kalundu. Walikuwepo zaidi ya kumi. Walikuwa barabarani.

Mikebuka waliobaki walioza. Generose alipanda milimani na kikapu kimoja, njia yenyewe ikitaka viwili au vitatu. Watoto waliporudi, Protais, mdogo wao, hakuwa pamoja nao.

Octave? Alivuka ng'ambo, hakuguswa. Na nyumba ipo. Ina mkubwa mwingine sasa, kamioni inashusha magunia yetu kwa mlango wa nyuma, na wewe unaambiwa ungoje. Jana mbuzi walikuwa ukutani tena. Uliwaona. Usiniambie utafikiria, usiniambie kesho. Bomba halijafunguliwa bado. Shika beseni, mpigie jirani yako kelele na yeye ashike lake, mtoke, mpande pale sasa hivi.