Kofi la Uwanja wa Gwaride

Vitabu vya shule vinasema ufalme wetu ulianguka kwa sababu ya kodi, ukame na fikra mpya kutoka nje. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata alama zote. Mama yangu alisoma jibu langu akiwa amesimama, akanirudishia karatasi, akasema, "Umeandika vizuri. Sasa kaa nikwambie kilichotokea."

Mama alikuwa na haki ya kusema. Alikuwa shangazi wa mfalme wa mwisho, tumbo moja na baba yake, mpaka siku alipoolewa na daktari wa meno. Ukoo wa kifalme ulikuwa na mabalozi, majenerali na mlevi mmoja aliyeheshimika sana, lakini mtu anayetia vidole vinywani mwa watu hawakumtaka. Mama akafutwa. Picha kubwa ya familia iliyotundikwa ukumbini ilirudishwa kwa mchoraji, na pale aliposimama mama pakachorwa chungu cha maua.

"Nilikiona baadaye," mama aliniambia. "Kilikuwa kimependeza kuliko mimi."

Basi wakaishi juu ya kliniki ya baba, chini viti vya wagonjwa, juu vitanda vyetu. Mimi wakati huo nilikuwa bado naburuta mdoli sakafuni, kwa hiyo mengi nayasema kama mama alivyoyasema, na mama hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Mfalme alikuja siku moja mchana kupitia mlango wa jikoni, amevaa koti la dereva wake, shavu limevimba. Daktari wa kwanza wa ikulu alikuwa amemwambia ni upepo. Wa pili alimwambia jino la mfalme halina tabia ya kuoza, huchoka tu, lipumzishwe. Baba alitazama mara moja akasema, "Limeoza. Fungua mdomo." Akaling'oa, akalitia kwenye kisahani.

Mfalme alilitazama jino lake kwa muda mrefu. "Kwa nini hawakuniambia?"

"Uliwauliza?" Mama alikuwa amesimama mlangoni. Walikuwa hawajaonana tangu harusi yake.

"Shikamoo, shangazi," mfalme alisema, mdomo umejaa pamba.

"Marahaba. Nasikia ulimpiga shemeji yako kofi."

Shemeji huyo alikuwa kaka wa malkia, na ndiye aliyekuwa kamanda wa walinzi wa ikulu. Wiki ile kulikuwa na gwaride. Mtoto mdogo wa mfalme alikuwa amesimama mstari wa mbele na kamba ya kiatu imefunguka. Kamanda, ambaye ni mjomba wake, akainama kuifunga. Katika kuinama huko akachelewa kupiga saluti. Mfalme akashuka jukwaani akamzaba kofi mbele ya kikosi kizima, kisha akarudi kuketi. Bendi iliendelea kupiga, kwa sababu hakuna aliyeiambia inyamaze.

"Alinidharau," mfalme alisema.

"Alikuwa anamfungia mwanao kiatu. Nenda kamwombe radhi, mwanangu. Mkiwa wawili tu, hakuna atakayejua."

"Mfalme haombi radhi, shangazi."

"Basi mwite shemeji, siyo kamanda. Mle pamoja. Yule mtu analala na bunduki mlangoni kwako."

"Ni mlinzi wangu," mfalme alisema. "Bunduki hiyo nimempa mimi." Alisema kama vile hilo ndilo jibu. Akavaa koti la dereva, akashukuru, akatoka kwa mlango wa jikoni. Baba alikiosha kisahani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Ukoo mzima uliitwa ikulu kwa chakula cha mchana, kujadili nani akae karibu na mfalme kwenye sherehe za jubilei. Walikuwa hawajaelewana kuhusu viti kwa miezi mingi. Baba zake wadogo walikuja, ndugu zake, watoto wao, na yule mlevi. Mama, kwa kuwa alikuwa chungu cha maua, hakualikwa.

Malkia ndiye aliyetusimulia yaliyofuata, miaka kadhaa baadaye, akiwa anakunja taulo. Supu ilikuwa imeshaletwa. Baba mdogo mmoja alikuwa anagombea kiti cha kulia. Malkia akanyanyuka kwenda jikoni kuuliza kwa nini mkate umechelewa, na mlango wa jikoni ukafungwa nyuma yake. Halafu milango mingine nayo ikafungwa. Alidhani ni upepo. Kisha alisikia risasi, na katikati ya risasi alimsikia yule baba mdogo bado anazungumzia kiti.

Ilipoisha, kaka yake alifungua mlango wa jikoni. Alikuwa ameagiza wapigwe watu wazima tu. Askari wake walikuwa ni watu wa kutii, lakini chumba kilikuwa kimejaa moshi. Watoto wote wawili wa malkia walikuwa wameanguka kando ya baba yao.

Redio ilitangaza kwamba mfalme amepumzika na nchi imetulia. Watu walikaa ndani siku nzima kusubiri ifafanuliwe ni yupi aliyepumzika na nani katulia.

Askari walikuja kwetu siku iliyofuata. Wagonjwa walikuwa wamekaa foleni na mashavu yao. Mkubwa wa askari alimuuliza mama, "Wewe ni wa ukoo wa mfalme?"

"Nilikuwa. Wakanifukuza. Kawaulizeni."

Askari alifikiri. "Hakuna wa kumuuliza," alisema.

"Ndiyo hivyo tena."

Baba alitoka na koleo mkononi, uso wake mweupe kama karatasi, akasimama kati ya mama na bunduki. Mama alikuwa hajawahi kumwona hivyo. Baba alikuwa mtu mwoga. Hata kuku alikuwa hawezi kumchinja. "Mtanipiga mimi kwanza," alisema.

"Hatukuja kupiga mtu, daktari," askari alisema, karibu kama mtu aliyeonewa. "Kamanda anamwomba mama aje. Malkia hataki kusema. Hataki kula wala kutoka jikoni."

Mama akavaa viatu, akaenda.

Ukumbi ulikuwa umeoshwa, lakini ulioshwa na watu wenye haraka. Picha ya familia ilikuwa imetobolewa kila mahali isipokuwa kwenye chungu cha maua. Mama hakucheka. Alikaa chini sakafuni mpaka askari mmoja akamletea kiti. Aliwajua wote wale. Wawili kati yao aliwabeba mgongoni walipokuwa wachanga.

Kamanda alimkuta hapo. Alikuwa hajanyoa. "Shikamoo, mama. Nataka azungumze nami. Naapishwa Jumamosi hii. Akisimama pembeni yangu, watu wataona familia imeridhia."

"Familia ipi?" mama aliuliza.

Mama akainuka akaenda jikoni. Malkia alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi, gauni lake la karamu bado mwilini. Mama hakumwambia pole. Alimwambia, "Mwanangu, nyumbani kwangu kuna chumba. Ni kidogo na kinanuka dawa."

Malkia akanyanyuka. Wakapita ukumbini wameshikana mikono, na kamanda akasogea kuwapisha. Jumamosi aliapishwa peke yake.

Kwetu malkia alilala wiki nzima bila kufungua dirisha. Halafu siku moja alishuka chini, akakuta wagonjwa wanasukumana, mzee mmoja anadai yeye ndiye wa kwanza. Malkia alikuwa amezoea kuwapanga watu. Alisimama mlangoni akasema, "Wewe, kaa. Wewe, mfuate. Mama mwenye mtoto, pita." Wakakaa. Tangu siku hiyo dirisha la mapokezi likawa lake. Mwanzoni watu wazima wenye meno mazuri kabisa walikuja kumtazama tu. Baba aliwaambia wafungue midomo, na wengi wakakutwa na kitu cha kuzibwa, basi wakapungua.

Kaka yake alikuja miezi michache baadaye. Hapo nilikuwepo, nakumbuka mwenyewe. Magari yalijaza mtaa. Aliingia peke yake na nishani zake, akasimama mbele ya dirisha.

"Dada, nimekuja."

"Kaa," malkia alisema. "Zamu yako ikifika utaitwa."

Akakaa, mkuu wa nchi, kati ya bibi aliyefunga shavu kwa kitambaa na muuza mkaa. Wote wawili walitaka kuondoka. Malkia akawaambia watulie. Aliwaita mmoja mmoja, hakuharakisha wala kuchelewesha, mpaka akabaki yeye.

"Unataka nini?"

"Unisamehe."

Malkia alizungusha kalamu vidoleni. "Siku aliyokuzaba kofi, mbona hukuja kwangu? Ungekuja ningekushika mkono, twende kwake wote wawili."

"Nilikuwa na aibu."

"Na aibu ikaisha?"

Alitazama viatu vyake. "Unadhani angenisikiliza?"

"Sijui," malkia alisema. "Na wewe hujui. Ulihakikisha hatutajua." Kisha akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu, huku amekaa wima dirishani kama yuko kazini. Kaka yake alinyoosha mkono kupitia dirishani. Malkia hakuushika. Kaka akaurudisha, akatoka nje kwenye magari yake.

Alitawala miaka tisa. Alijifunza, ni haki kusema. Hakumpiga mtu kofi hata mara moja. Aliongeza ukuta wa ikulu, akabadilisha walinzi kila mwezi asizoeane nao, na akala chakula peke yake. Mwishowe walinzi ambao hata majina yao hakuyajua walimfungulia geti na kumwonyesha barabara ya mpakani. Ndipo vitabu vya shule vikaandikwa, na kwa kuwa walioandika walikuwa wakitaka kazi, wakachagua ukame.

Mama na malkia walizeeka pamoja, wakigombana kuhusu mapazia. Habari ya kifo cha yule kaka ilitufikia Jumanne moja, kliniki imejaa. Alikuwa amefia ugenini, kwenye chumba cha kupanga. Malkia alisikiliza mpaka mwisho, akawaambia wagonjwa warudi kesho, hata waliokuwa wanalia kwa maumivu. Akapanda juu. Mama akamfuata na chai.

Asubuhi alishuka, macho yamevimba, akafungua dirisha. "Wa kwanza," alisema.