Sahani ya Makarius

Nyumbani kwa Bibi Kunegunda, pale Matogoro, Makarius alikuwa na sahani yake. Kila jioni ugali ukiiva, mama humega wa mwanawe, humwekea pembeni likolo, yaani mboga za majani ya maboga, kisha hufunika kwa sahani nyingine. Asubuhi anakula kiporo mwenyewe. Miaka kumi na moja hiyo, jamani! Jirani yake Lidwina alishamcheka hadi akachoka.

Makarius alikuwa mwigizaji, tena si wa kubahatisha. Kikundi cha sanaa cha kiwanda kimoja cha Dar es Salaam kilimchukua, na mwaka wa themanini na tano walipokuja kuonyesha Songea, kwa jioni moja alikuwa mfalme, kichaa na bibi harusi. Watu walitoka ukumbini wakibishana kama ni mtu mmoja au watatu. Tangu siku hiyo mama yake hajamwona. Mambo ya soko huria yalipoingia kiwanda kiliuzwa, kikundi kikavunjwa, barua nazo zikakoma. Zikabaki habari za kusikia tu, kwamba siku hizi anaigiza kwenye mikanda ya video.

"Mama, kaka ametusahau," alisema Adela, bintiye, mwalimu wa Njombe, aliyekuja likizo ya Desemba kumchukua. Kifua cha mama kilikuwa kibovu na paa lilikuwa linavuja. "Jumanne tunaondoka."

"Nikiondoka mimi, akija atajuaje kwamba hapa ni kwao?"

Walibishana mpaka Adela akasikia kwamba banda la video la Alfani, kule Majengo, limepata mkanda wa Makarius. Hapo wakapatana. Kunegunda angemtazama mwanawe kwa macho yake. Akiona amewasahau, anafunga mzigo. Akiona hajawasahau, hahami ng'o.

Jumapili baada ya misa wakaenda. Alfani alimwamkia shikamoo akamkalisha benchi la mbele kabisa. "Mama wa staa hakai nyuma!"

Alianza kutokea askari mwenye kitambi. "Ndiye huyo!" Adela akanong'ona. Kunegunda alikodoa macho, asimwone mwanawe. Akaja mlevi. Adela akasema ndiye tena, lakini mlevi naye hakuwa na hata ukope wa Makarius. Kweli amepotea huyu, Kunegunda aliwaza, hata sura ya kwao ameitupa.

Kisha akaingia bibi kizee, na banda zima likaangua kicheko kabla hajafungua mdomo. Alitembea mkono kiunoni. Kabla ya kukaa alikipuliza kigoda vumbi ambalo halikuwepo. Adela alicheka, halafu akaziba mdomo akamgeukia mama yake. Nani Matogoro nzima anapuliza kigoda namna ile kama si Kunegunda?

"Mshenzi huyu!" Kunegunda alichemka. "Ndiyo kazi aliyoifuata huko, kunifanya mimi kichekesho kwa watu!"

Yule bibi akapakua ugali. Akamega, akaweka kando, akafunika kwa sahani. Akakaa. Baadaye akafunua, akatazama, akafunika tena, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Halafu akageuka haraka kuutazama mkeka wa watoto pale pembeni, ahakikishe hakuna aliyemwona.

Kunegunda aliitambua. Ile haikuwa sahani ya Makarius. Ilikuwa ya baba yake Makarius, aliyekwenda Tanga kukata mkonge asirudi. Wakati ule Kunegunda alikuwa akilia pale tu watoto walipolala, na kila alipogeuka kuutazama mkeka, Makarius alikuwa anakoroma. Anakoroma! Kumbe lile ndilo lilikuwa igizo lake la kwanza.

"Mwanangu," alisema kwa sauti, watu wote wakisikia, "kumbe hukuwa umelala."

Njiani, karibu na nyumbani, Adela akasimama. "Haya, Mama. Hajasahau. Umeshinda, nitaondoka peke yangu."

"Nani kakwambia? Nilikuwa nadhani nyumba hii naishikilia mimi. Kumbe anayo mwenyewe, na kigoda chake na mkeka wake, anatembea nayo. Sasa nalinda nini?" Alikuwa analia, safari hii bila kujificha. "Lakini namtaka, Adela. Mkanda haushikiki. Namtaka mwenyewe hapa, nimvute masikio."

Jumanne asubuhi, mzigo ukiwa mlangoni, alimpelekea Lidwina ufunguo na zile sahani mbili.

"Akija, usimwambie upesi nilipo. Ale kwanza. Akishiba ndiyo umwambie mama yake yuko Njombe kwa Adela."

"Na asipokuja?"

"Asubuhi utakula kiporo wewe."

Kunegunda akangoja achekwe, kama miaka yote. Lidwina alizipokea sahani, akazifuta kwa khanga yake ingawa zilikuwa safi.

"Likolo lake," akauliza, "huwa unamtilia karanga?"