Protekta ya Simu ya Mwashi

Mwashi alikuwa mama wa makamo aliyejenga kuta kwa miaka ishirini, na saruji ilikuwa imemla vidole mpaka ncha zikawa ngumu kama gome. Aliponunua simu mpya, mdogo wake, anayemkorogea saruji, alishikilia iwekwe protekta, ile plastiki ya kukinga kioo.

"Dada, mfukoni mwako hamkosi mchanga. Kioo hakimalizi wiki."

Ikabandikwa.

Jumatatu, mwashi akiwa juu ya jukwaa, simu iliita. Aliyepiga alikuwa bintiye, aliyelazwa hospitalini akisubiri kujifungua mtoto wa kwanza. Mwashi akatelezesha kidole, simu isimtambue. Akajifuta kwenye sketi, akajaribu kingine, kisha kidole gumba. Simu ikanyamaza.

Alishuka ngazi, akaketi juu ya mfuko wa saruji, akapenyeza ukucha chini ya protekta na kuibandua yote.

"Wewe, utajuta!" mdogo wake alimaka.

"Nimeshajuta tayari. Simu hii nilinunua nimsikie mwanangu. Ikichubuka, na ichubuke."

Akampigia. Safari hii kioo kilimtii mara moja.

"Mama, naogopa," binti alisema.

"Niko hapa. Vuta pumzi. Sikati mpaka wakuite."

Wakaongea hadi binti alipoitwa chumba cha kujifungulia. Jioni ikaingia picha ya mtoto wa kike, amekunja ngumi.

Sasa kioo kina mikwaruzo mitatu, na mmoja unapita juu ya pua ya mjukuu. Mwashi humwonyesha kila mtu picha hiyo, na protekta hataki hata kuisikia.