Mahali Alipoketi Dinosaria

Kazini wananiita Redio, na sikatai. Hata mama wa mchumba wangu, anayepiga deki kwenye makumbusho ninakofanya kazi ya plasta, aliniambia bila kupepesa macho: "Binti yangu simpi mtu asiyejua kufunga mdomo." Jibu la posa yangu angenipa Jumapili.

Ijumaa nilimwaga plasta kwenye sakafu ya ukumbi, nikagandamiza humo nyayo za dinosaria kama zilivyo kule kwenye mwamba zilikogunduliwa: vidole vitatu, vidole vitatu. Nikaenda kunywa chai. Kurudi, namkuta mama mkwe mtarajiwa amesimama kando ya ndoo yake, gauni la bluu limejaa weupe kwa nyuma, pale pa kukalia. Katikati ya nyayo kuna mabonde mawili mapana, ya duara. Aliniangalia. Mimi nikaangalia dari. Mkwe ni mkwe bwana, kuna mambo hata ukiyaona hujayaona.

Na plasta ilikuwa imeshakauka, wageni wako mlangoni!

Profesa aliyewaongoza wageni alipoyaona yale mabonde alipiga magoti. "Jamani! Hapa mnyama aliketi kupumzika!" Akachomoa futi, akapima. "Jike hili. Tena limeshiba. Tani mbili hazipungui." Kisha akanigeukia. "Fundi, mbona kule kwenye mwamba sikuyaona mabonde haya?"

Ulimi uliniwasha, nusura nife. Nikasema, "Profesa, mimi nimeweka nyayo tu. Aliyeketi simjui."

"Tani mbili?" sauti ikafoka nyuma. Watu wakageuka. Mama mkwe alikuwa ameukamata mpini wa deki kwa mikono miwili. "Mnanikodolea macho ya nini? Namtetea mnyama wa watu! Marehemu hawezi kujisemea."

Wageni walipohamia chumba cha pili, alinisogelea.

"We kijana, ulimwona aliyekaa pale?"

"Nani tena, mama? Mimi nilikuwa naangalia dari."

Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Jumapili njoo na wazazi wako," akasema. "Na hayo mashimo yazibe, kabla huyo profesa hajaleta mizani."

Leo tuna watoto wawili, na siri hiyo sijamwambia mtu. Ni wewe tu. Na kinyozi wangu.