Inchi Moja ya Mshono

Mama Pindo hakuwa na mtoto aitwaye Pindo. Jina alipewa na wateja wa cherehani yake, kwa sababu pindo akilishona yeye, suruali itachakaa yote na pindo libaki palepale. Kwa vitambaa hakuwa na mpinzani mtaa mzima. Kwa mbao, tutaona.

Mambo yalianza kwa simu ya Madamu. Huyu ni dada yake mkubwa, anafanya kazi ofisi yenye kiyoyozi na huongea na ndugu zake kana kwamba wamekuja kuomba saini. Mama yao magoti yalikuwa yamemchosha, hawezi tena kuishi peke yake, na wiki ile alikuwa amefikia kwa Madamu.

"Atabaki hapahapa kwangu," Madamu alisema.

"Na mimi namtaka, dada."

"Wewe? Utamkalisha wapi, kwenye stuli? Jumapili namleta aone mwenyewe, tumalize maneno."

Kilichouma ni kwamba stuli zenyewe zilikuwa mbili tu, na moja ilikuwa ya cherehani. Lakini Mama Pindo alimtaka mama yake jamani. Alitaka kumsikia asubuhi akigombana na redio.

Kochi la dukani lilikuwa ndoto za mchana, hivyo akaingia kwenye simu. Huko kuna wanawake wenye kucha safi wanaotengeneza sebule nzima kwa takataka, wala hawatoki jasho. Mmoja alichukua paleti, zile fremu za mbao za kupangia mizigo ghalani, akagonga kidogo, akatabasamu, kochi likatokea. Kesho yake Mama Pindo alirudi nyumbani na mkokoteni wa paleti zilizotupwa.

Mumewe, fundi wa friji, alizitazama kwa huzuni. "Mke wangu, mwite seremala."

"Seremala ana nini? Kupima napima, kukata nakata, kuunga naunga."

"Na misumari?"

"Msumari ni pini iliyonenepa."

Walifanyia kazi ndani, maana nje majirani walishaanza kutoa ushauri. Mama Pindo alijitundika futi yake shingoni, akachora mbao kwa chaki ya nguo, mume akashika msumeno wa kuazima. Walipiga msasa mpaka wakapiga chafya za rangi ya kahawia. Godoro lao wenyewe walilikata likawa mito ya kukalia, naye akalivisha vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye nguo za wateja. Kitambaa kilikaa vizuri hata ungetamani kukivaa. Shida ilikuwa kilichokuwa chini yake.

Kochi lilianza ukutani, likapita dirisha, likaziba nusu ya mlango wa chumbani. Upana nao ulikuwa balaa: ukiegemea nyuma, miguu inaning'inia hewani. Ili kwenda kulala ilibidi upande juu, uvuke, ushukie upande wa pili.

"Ulipima vipi?" mume aliuliza.

"Nilipima sawasawa. Halafu nikaacha inchi ya mshono, kila ubao, kila upande."

"Mshono?"

"Na kidogo ya kusinyaa likifuliwa."

Mume alicheka mpaka akashikilia cherehani asianguke. Mama Pindo naye alianza kucheka, kisha kicheko kikamgeuka, akajikuta analia. Kupunguza haikuwezekana, kila ubao ulikuwa umeshikilia mwenzake. Ungekata mmoja, kochi zima lingefumuka. Na kesho yake ilikuwa Jumapili.

Madamu aliingia na mama yao nyuma, miwani ya jua usoni, akaivua taratibu.

"Hili ni jukwaa? Kuna mkutano?"

"Ni kochi, dada. Karibu ukae."

Madamu akakaa kwa madaha, akaegemea. Mgongo ulitafuta pa kuegemea, ukazidi kutafuta, mpaka miguu ikaruka juu na kiatu kimoja kikaenda zake chini ya cherehani. Shemeji yake alimvuta kwa mikono miwili, uso ameuelekeza dirishani ili asionekane anavyouma midomo.

"Mama umeona mwenyewe," Madamu alisema, akitafuta kiatu. "Hapa binadamu hakai. Twende."

 Mama Pindo alitazama sakafu, akihisi mama yake anamponyoka hivihivi, kwa ujinga wa inchi moja.

 Lakini mama yao alikuwa amepanda kwenye kochi kwa mikono na magoti, akiguna. Akajigeuza, akanyoosha mguu mmoja, kisha ule mbaya zaidi. Yote miwili ilitosha, na nafasi ikabaki.

"Mama, shusha miguu," Madamu alinong'ona. "Tuko ugenini."

"Ugenini kwa mwanangu? Kwako ndiko nilikoshusha miguu wiki nzima." Mama alifumba macho. "Kochi lako bado limevaa nailoni ya dukani. Nikikaa, jasho. Nikiinuka, linanibandua ngozi. Nikinyoosha goti, naambiwa wageni watakuja. Hao wageni sijawaona."

Madamu alikipata kiatu chake, akainuka nacho. "Mama, ile nailoni naweza kuitoa," alisema, na kwa mara ya kwanza alisikika kama mdogo wa mtu.

"Itoe, itakusaidia na wewe."

"Basi sema mwenyewe, mbele yetu wote. Utakaa wapi?"

Mama alifumbua jicho moja, akamtazama mwanawe mkubwa kwa mshangao wa kweli.

"Swali gani hilo? Si nimeshakaa? Begi langu mtaniletea."

Mama Pindo alikaa chini, akalaza kichwa kwenye miguu ya mama yake, akalia bila aibu, Madamu akiwa hapohapo na kiatu mkononi.