Mfuniko wa Sufuria Ndogo

"Chipsi mayai mbili! Pilipili kwa mbali!"

Ruthu alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha plastiki, uani kwetu Kizota, akitukabidhi mimi na bibi yake majani aliyoyafunga kwenye gazeti. Watoto wenzake wa miaka mitatu hukoroga matope kwenye kopo wakayaita ugali. Mwanangu hakukoroga chochote. Kwake yeye, kupika kulikuwa ni kupokea hela dirishani.

Mama mkwe, Mama Miriam, alicheka mpaka kitenge kikamlegea. Halafu akanigeukia.

"Mama Ruthu, mtoto huyu amewahi kuona chakula kikipikwa?"

"Ameona, Mama."

"Wapi? Kwa muuza chipsi?"

Nikainama, nikajifanya naokota gazeti.

Mwaka ule nilikuwa nashona sare za shule mchana, na jioni nasoma masomo ya kidato cha nne niliyoyaacha njiani. Kati ya cherehani na darasa nilikuwa na saa moja tu, na Filipo, mume wangu, alikuwa safarini na lori. Abdulrazaki wa chipsi akiniona tu kwa mbali, anapasua mayai. Elfu tatu zake zilinitoka kiulaini kiasi kwamba sikuwahi kujiuliza kwa nini unga wa uwele ulikuwa unanishinda kununua. Niliamini nanunua muda.

"Jumamosi naondoka naye kwenda kwangu Buigiri," alisema Mama Miriam, kwa upole kabisa. "Akale chakula. Utamfuata ukimaliza mitihani."

Mitihani ilikuwa bado miezi saba. Nilimtazama Ruthu akikung'uta majani yake kama mtu anayechuja mafuta.

"Mama, kesho nitapika mwenyewe kabla ya darasa. Akila, niachie."

Alifikiri kidogo. Kisha akafungua mkoba, akaniwekea mapajani kifurushi cha mlenda mkavu, umesagwa laini kama ugoro.

Kesho yake nilirudi mbio. Mkaa, maji, magadi kidogo, karanga, mlenda. Hata nusu saa haikupita! Kwa furaha nikaifunika sufuria kama wali, nikafungua daftari la Biolojia. Nilikuwa nimefika kwenye figo Ruthu alipopiga kelele.

"Mama! Chakula kinatoroka!"

Povu la kijani liliinua mfuniko, likashuka ubavuni mwa sufuria, mkaa ukalia chwaaa, ukazimika. Mama Miriam alisimama mlangoni, kajishika kifua.

"Gladness! Mgogo mzima, unafunika mlenda?"

"Nimesahau, Mama."

"Umesahau! Hata mbuzi wa Buigiri wanajua mlenda haufunikwi!"

Zilibaki dakika kumi darasa lianze. Harufu ya mafuta ya Abdulrazaki ilikuwa imeshafika uani, tamu, inaniita kwa jina. Nikautazama mlango wa uani. Kisha nikazoa majivu, nikawasha moto upya.

"Na darasa?" aliuliza.

"Nitaingia katikati."

Alikaza kitenge, akachukua mwiko. "Wewe simamia mlenda wako, usiupe mgongo. Ugali nasonga mimi."

Ruthu alichovya tonge lake la kwanza kwa mashaka. Alipoliinua, uzi wa mlenda ulitoka bakulini ukamfuata hadi kidevuni. Akautazama. Akainua mkono zaidi. Akapanda juu ya kigoda.

"Bibi, unavutika!"

Alipochoka kuupima urefu, bakuli lilikuwa tupu. Mama Miriam alimfuta kidevu kwa kidole, akakilamba, akaniambia bila kunitazama, "Kimbia shule." Nilifika na tone la kijani kwenye mkono wa blauzi. Mwalimu alikuwa ameshamaliza figo.

Jumamosi nilimsindikiza mama mkwe hadi kituoni. Nilimbeba Ruthu mgongoni njia nzima, ingawa alikuwa anaweza kutembea. Mama Miriam alipanda gari peke yake, kaukumbatia mkoba wake kifuani.

Jioni nilitafuta mfuniko wa sufuria ndogo. Chini ya meza, nyuma ya ndoo, hata kwa jirani. Ruthu alinitazama kutoka nyuma ya kiti cha plastiki, akikoroga matope kwenye kopo.

"Bibi kaondoka nao."

Mitihani nilifaulu. Ijumaa bado tunapita kwa Abdulrazaki, naye huniuliza kama nilihama. Wauza vyombo hupita uani kwetu wakigonganisha mifuniko ya kila saizi. Nawasalimia tu, wanaendelea na safari yao.