Sauti ya Mbayo Kooni mwa Bilonda

Alhamisi moja saa tatu asubuhi, wanawake sita waliingia katika foyer ya mtaa wa Kapata, wakaketi kwenye mabenchi na kuweka chini walichokuja nacho: vikapu vya mboga za lengalenga, vidumu vya maji, mtoto mmoja aliyelala. Foyer ndipo kampuni ya shaba ilipokuwa ikiwafundisha wake za wafanyakazi kushona, wakati kampuni ilipokuwa bado na kitu cha kufundishia. Cherehani ziliondoka mwaka uliotangulia, pamoja na mishahara. Mwalimu wa ushonaji, Mama Godelieve, alibaki na funguo. Na kwa kuwa mwaka ule wa 1993 wanawake walioachwa na waume zao walikuwa wengi, alifungua chumba ili waje kusema yaliyowakaa rohoni. Masharti yalikuwa mawili: mmoja akisema, wengine wananyamaza, na hakuna ruhusa ya kumwambia mtu avumilie.

"Mama mupya aanze," alisema Godelieve.

Mgeni, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alikohoa, akasema kwamba anaitwa Bilonda. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanaume, nzito, ya mtu aliyezoea kuita watu kwa orodha.

"Hii ni sauti ya bwana yangu," akaeleza. "Iliniingia kesho yake ya kufukuzwa. Yangu, sijue kwenye ilienda."

"Si Tata Mbayo, karani wa biro?" aliuliza Mama Tshilombo. "Mi minaijua. Njo yeye alikuwa anaita batu siku ya mushahara."

"Njo yeye."

Godelieve alifungua daftari. Chini ya mama asiyepata usingizi na mama asiyeweza kumeza ugali, akaandika: mama mwenye sauti ya bwana yake.

Bilonda alizaliwa Kapata palepale. Baba yake ndiye aliyetoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini. Yeye Kasai hajaiona hata siku moja. Aliolewa na Mbayo, mtu wa kaskazini mwa Katanga, wakakaa miaka kumi wakielewana kama watu wengine. Halafu ikasemwa mjini kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Kamati ya mtaa ikaja sebuleni kwa Mbayo, ikanywa kahawa aliyoipika Bilonda, ikamwonyesha Mbayo karatasi: karani mwenye mke wa Kasai hana kazi wala nyumba. Mbayo alitia sahihi Jumatatu kwamba anamwacha mkewe. Mtoto wao Mignonne, wa miaka mitano, alihesabiwa kuwa mtoto wa kwa baba, akabaki.

Jumanne Bilonda aliamka katika darasa la shule ambamo familia za Kasai zilikuwa zikilala, akamsalimu jirani kwa sauti ya Mbayo. Saa ileile, nyumbani kwake Kapata, Mbayo alifungua kinywa kuitisha chai na hakikutoka kitu. Alinunua ubao mdogo wa shule na chaki, akaenda kazini.

Sauti ile ilikuwa na faida zake. Bombani, Bilonda akisema "pardon" mara moja tu, foleni ilipasuka katikati. Sokoni hakuna aliyemzidishia bei. Mulumba, shemeji wa Mama Mpoyi wa foyer, alipokataa kumpa Mpoyi godoro lake baada ya kuachwa, Bilonda alisimama nyuma ya ua wa Mulumba, akaita, "Mulumba! Rudisha ile kitu!" Mulumba alirudisha godoro kabla ya chakula cha mchana, na mto ambao haukuwa wa Mpoyi. Alhamisi iliyofuata foyer ilicheka hadi mtoto akaamka.

Lakini Ijumaa Bilonda alikwenda kwenye ua wa nyumba yake ya zamani, akamwona Mignonne akicheza na vifuniko vya sufuria, akamwita. Mtoto alisimama wima, akajibu, "Ndiyo, tata," akakimbia ndani kutafuta ndala za baba yake. Bilonda alingoja kidogo, kisha akaondoka.

Aliposimulia hayo, Godelieve aliweka kiti kitupu mbele yake.

"Sauti ni ya yeye. Basi tumuulize yeye kwanza. Ikala pale."

Bilonda akahamia kwenye kiti.

"Tata Mbayo, juu ya nini ulitia sahihi?" akauliza Godelieve.

"Niliogopa," sauti ikajibu. "Niliogopa kupoteza nyumba. Kisha nikaona haya, nikamuambia yeye njo mubaya."

Bilonda alirudi kwenye benchi lake. Kwa miaka kumi hakuwahi kuisikia sauti hiyo ikisema neno niliogopa. Wiki iliyofuata sauti ilikuwa imepungua, kama sabuni iliyobaki kwenye kisahani.

Kisha Mbayo mwenyewe akaja, amevaa shati safi, ubao ukining'inia shingoni. Wanawake wakasogea, akapata nafasi. Akaandika: NAOMBA SAUTI YANGU.

"Ya kufanya kazi gani?" aliuliza Godelieve.

Akafuta kwa mkono wa shati. KUSOMA MAJINA KU GARE. TRENI YA BATU BA KASAI IKO NAKUYA.

"Na jina yangu iko ndani?" Bilonda alimuuliza kwa sauti yake yeye Mbayo.

IKO. Na kwa kuwa ubao ulikuwa bado na nafasi, akaongeza: PARDON.

Ilikuwa zamu yake, kwa hiyo wote walinyamaza kama sharti lilivyotaka. Nusu saa ilipokwisha, alinyanyuka akaenda.

"Usimurudishie!" Mpoyi akasema. "Bila sauti, nani atasoma?"

"Batatafuta mwingine," alisema Godelieve. "Benye sauti beko bengi."

"Nikibaki nayo, nitapanda treni mutoto hajasikia tena sauti yangu hata mara moja," alisema Bilonda. "Aichukue."

Alhamisi iliyofuata wenzake walimwachia zamu zao zote. Alisema miaka kumi: mashati aliyopiga pasi, kahawa aliyoipika kwa ajili ya kamati, hasira aliyokuwa akiiita kichwa kuuma. Alivyozidi kusema ndivyo sauti ilivyozidi kuwa nyembamba, hadi ukabaki mnong'ono. Wakati huo Mama Tshilombo, ambaye hakuweza kukaa kimya muda mrefu, alinyanyuka kuonyesha jinsi Mbayo anavyofukuza kuku: anamwonyesha kila kuku ubao, mmoja mmoja, na kungoja asome.

Bilonda akacheka. Kicheko kilikuwa cha juu, chenye mkwaruzo kidogo mwishoni.

"Njo yako?" aliuliza Mpoyi.

"Njo yangu," akajibu kwa sauti hiyohiyo, na wakaanza kucheka upya, pamoja na Godelieve, aliyekuwa hajacheka kazini tangu cherehani ziondoke.

Nyumbani kwake, saa ileile, Mbayo alisema "chai". Dada yake akamletea.

Treni ilifika baada ya siku tisa. Watu walikuwa wamejaa stesheni kwa majuma, na magodoro, masufuria na wagonjwa wao. Foyer nzima ilikuja kumsindikiza Bilonda. Mbayo alipanda juu ya meza na karatasi zake. Sauti yake ilikuwa imepumzika, safi, hakuna aliyehitaji kuomba arudie. Akasoma Kanku. Akasoma Tshibola na watoto wanne. Jina la Bilonda hakulisoma kwa haraka wala polepole kuliko mengine.

"Présente!" akaitika Bilonda.

Karibu na ukuta, alipokuwa shangazi yake akiuza mahindi ya kuchemsha, Mignonne aligeuka.

"Mama!"

Bilonda alizungumza naye juu ya vichwa vya watu. Alimwambia triko yake ya sufu iko chini ya sanduku, alale na soksi wakati wa baridi, ale hata kama shangazi amepika maharagwe, na kwamba si kosa lake, wala halikuwa la mama yake. Kwa kila jambo mtoto alijibu, "Ndiyo, mama."

Mbayo aliwangojea, kidole kwenye mstari, hadi walipomaliza. Kisha akasoma jina lililofuata.